Je, Asiyejua Hana Hatia?

Ndugu wapenzi mnaojitayarisha kwa Ubatizo,

Jioni moja, baada ya mafundisho, mmoja wenu alibaki nyuma akaniuliza: "Mwalimu, mtu akitenda jambo baya naye hakujua ya kuwa ni baya, je, ana hatia mbele ya Mungu?" Nalimjibu upesi, kama ilivyo desturi ya walimu: "Asiyejua hana hatia." Akashukuru, akaenda zake.

Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Nalikumbuka jambo lililonipata mimi mwenyewe, nikaona ya kuwa jibu langu lilikuwa fupi mno, tena lilinifaa mimi kuliko lilivyomfaa yeye. Basi leo nataka kulijibu swali lile mara ya pili, polepole, kwa habari ya mnyama ambaye bibi zetu hawapendi atajwe usiku, hata humwita "kamba". Ndiye nyoka.

Chatu ndani ya sanduku

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa saba, wakati watu wa kwetu wanapochoma majani na kutayarisha mashamba. Mtoto mmoja wa mwaka wa tano alikuja shuleni na kikapu kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na chatu mchanga, ambaye urefu wake haukupita hatua moja ya mtu mzima. Moto ulikuwa umemfukuza vichakani karibu na mto Luama, na mtoto akamkamata kwa mti wenye panda. Tulipofungua kikapu juani, ngozi ya nyoka yule iling'aa rangi nyingi juu ya madoa yake ya kahawia: buluu, na kijani, na zambarau. Watoto wakapiga kelele: "Upinde wa mvua!"

Mwajua ya kuwa wazee wa nchi nyingi za huku husema upinde wa mvua ni nyoka. Jirani zetu Waluba huuita Nkongolo, na jina hilohilo ni la mfalme mkali wa hadithi zao za kale. Basi watoto wengine walirudi nyuma kwa hofu, na wengine wakasogea mbele. Baba mdogo wa mtoto yule alitaka kumtia chunguni. Nami nikasema mbele ya watu wote: "Mniachie mimi. Nitamfuga."

Sitawaficha sababu zangu. Ya kwanza, nalimhurumia. Ya pili, nalitaka kuwafundisha watoto habari za viumbe. Ya tatu, nalitaka watu waseme: "Mwalimu wetu haogopi nyoka." Nanyi mwajua mioyo ya wanadamu: sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, ijapokuwa nalizitanguliza zile mbili ili ziifunike.

Nalimtia katika sanduku la mbao lenye kifuniko cha wavu wa chuma. Nalitandika mchanga mkavu. Nalimwekea maji katika kikombe, na sanduku nikaliweka jikoni karibu na mafiga, kwa maana nalidhani: nyoka apenda joto. Watoto walimletea panya waliowanasa katika ghala za mpunga. Siku za kwanza alikula vizuri, nami nikajiona bingwa.

Halafu akakataa kula. Macho yake yakawa meupe yenye ubuluu, kama moshi. Baada ya siku chache ngozi yake ikaanza kupasuka vipande vipande kama karatasi ya zamani, isitoke. Kipande kimoja kiligandamana juu ya jicho la kushoto. Nikasema moyoni: "Maskini, nitamsaidia." Nikamshika kichwa, nikakivuta kile kipande kwa kucha zangu. Maji yakatoka pamoja na damu kidogo. Jicho lile halikupata kuwa safi tena.

Katika kijiji chetu akaa mzee mmoja, mwindaji, Mubangubangu, mzaliwa wa Kabambare. Hajabatizwa. Kila mtu ajua ya kuwa mzee huyo azijua nyoka zote za misitu na mashamba ya huku. Kutoka mlangoni pangu hadi mlangoni pake ni hatua mia moja. Siku ile ndipo nilipokwenda.

"Hodi, Babu."

"Karibu, Mwalimu. Leo umepotea njia?"

Nikamweleza. Akaja, akachutama mbele ya sanduku, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Mwalimu, maji yake yako wapi?"

Nikamwonyesha kikombe.

"Hayo ni ya kunywa. Ya kuoga je?"

Sikuwa na jibu.

"Mtoto alimtoa wapi?"

"Karibu na mto, Babu."

"Alitoka karibu na mto, wewe ukamweka karibu na moto. Nyoka huyu alikuwa anajivua gamba. Macho yakiwa kama moshi, ndiyo dalili yake, wala si ugonjwa. Alitaka unyevu ili nguo ya zamani itoke. Wewe umeikausha mwilini mwake."

Nikasema: "Sikujua, Babu."

Mzee akanitazama usoni, wala hakukasirika. Akasema: "Nyoka hukumjua, Mwalimu. Lakini nyumba yangu uliijua."

Namna tatu za kutojua

Ndugu zangu, neno lile la mzee ndilo jibu ambalo ningalimpa yule aliyeniuliza. Walimu wakubwa wa Kanisa, kama Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika karne ya 13, walikwisha kulifafanua kwa maneno ya elimu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo. Mimi nitalisema kwa maneno ya kijijini.

Kuna kutojua kwa lazima. Mtu amempa mgeni maji ya kisima, naye hakujua wala hakuwa na njia ya kujua ya kuwa usiku ule mnyama amekufa ndani yake. Mgeni akiugua, mtu huyo atasikitika, lakini hana hatia. Alitenda kwa moyo mwema, na nuru aliyokuwa nayo aliifuata.

Kuna kutojua kwa uvivu. Mtu mwingine aliona maji yana harufu, akasema: "Labda ni matope tu," akamwekea mgeni. Hakujua, kweli. Lakini angaliweza kujua kwa kuinama na kutazama. Huyu hawezi kusema hana hatia, ingawa hatia yake si sawa na ya mwenye kutia sumu makusudi.

Tena kuna kutojua kwa kupenda, nako ndiko kubaya zaidi. Mtu ajua mlango wa kubisha, wala habishi, kwa maana akiisha kujua itampasa kubadili mwenendo. Hukaa gizani kwa sababu giza lamfaa.

Kutojua kwangu kulianza kuwa kwa namna ya kwanza. Siku mtoto alipoleta kikapu, nani angalinilaumu kwa kutojua chatu ajivua gamba kwa namna gani? Lakini baada ya juma moja kulikuwa kwa namna ya pili. Na kwa sababu kilichonizuia kwenda kwa mzee ni aibu, kwamba mimi nimfundishaye habari za Mungu nifundishwe naye habari za nyoka, kulikwisha kugeuka kuwa kwa namna ya tatu. Sanduku halikubadilika, wala nyoka hakubadilika, wala ujinga wangu haukuongezeka. Kilichoongezeka ni hatia.

Tazameni sasa sababu yake. Chatu akikaa porini, sidaiwi kujua mambo yake. Porini ana mto, ana kivuli, ana jiwe lenye joto na shimo lenye baridi, naye huchagua mwenyewe. Nilipofunga kifuniko cha wavu, nalimnyang'anya uchaguzi huo wote. Tangu saa ile mimi ndimi niliyekuwa mto wake, na jua lake, na mvua yake. Mwenye kumfunga kiumbe amejitwika riziki yake yote. Na mwenye kujitwika riziki ya kiumbe amejitwika pia wajibu wa kumjua.

Mambo ambayo ningalipaswa kuyajua si mengi, wala si ya siri. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba lililo wazi kama kioo, nalo hutoka pamoja na ngozi yote. Kwa hiyo kulivuta kwa kucha ni kulijeruhi jicho lenyewe. Mwili wake hauna moto wa ndani kama wetu. Hupata joto au baridi kwa kuhama mahali, na kwa hiyo ahitaji upande wa joto na upande wa baridi, wala si kuokwa mahali pamoja. Akiisha kula, yafaa aachwe atulie, la sivyo huweza kukitapika chakula. Chatu hana sumu. Hukamata kwa meno, hujizungusha, hubana. Na wataalamu wa siku hizi wameonyesha ya kuwa mbano wa nyoka wa namna hii huzuia damu isizunguke, wala si pumzi peke yake kama tulivyodhani. Midomoni ana vishimo vya kuhisi joto la mnyama gizani. Na jike, akiisha kutaga, huyazungukia mayai yake na kuyalinda. Yote haya, isipokuwa lile la damu, mzee wa hatua mia moja aliyajua, na angalinipa bure.

Ng'ambo ya bahari

Nalidhani kosa hili ni la mwalimu mmoja wa kijijini tu. Kumbe lafanyika pia katika nchi zenye vitabu vingi kuliko zetu. Katika misitu ya mto Amazon, huko Amerika ya Kusini, yuko nyoka aitwaye boa wa upinde wa mvua. Mtaalamu Linnaeus alimwandika katika orodha yake ya viumbe mwaka 1758. Yeye naye hana sumu. Huzaa watoto hai wala hatagi mayai. Urefu wake ni kama mita moja na nusu hadi mbili. Jua likimpiga, mwili wake wote hung'aa rangi za upinde. Rangi hizo si za wino wa ngozi. Magamba yake yana umbo dogo mno lisiloonekana kwa jicho, nalo huugawa mwanga, kama vile matone ya mvua yanavyougawa mawinguni.

Kwa ajili ya uzuri huo watu wa Ulaya na Marekani humnunua na kumfuga katika masanduku ya kioo. Na wengi wa wanaoanza hupatwa na shida ileile iliyonipata mimi. Humpa joto, humpa panya, humtazama aking'aa, lakini humkausha. Kwao ni msitu wa mvua. Ahitaji hewa yenye unyevu mwingi daima, wala hapendi joto kali. Akikosa unyevu, ngozi hugandamana na mwili hudhoofika. Tena huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kijana amnunuaye kwa furaha ya siku moja amefunga ahadi itakayodumu hata awe na watoto wake mwenyewe. Basi kabla ya kununua, impasavyo kuuliza si kama nyoka yule ni mzuri. Ajiulize: "Je, nimemwendea mtu anayemjua?"

Na mara nyingine gharama hulipwa na asiyehusika. Mwaka 2013, mwezi wa nane, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika, wa jamii ya hawa wa kwetu, alitoroka katika chumba chake cha kioo ndani ya nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Alipenya katika njia ya kupitishia hewa, akaanguka mahali walipolala ndugu wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6, akawaua wote wawili. Mwenye kumfuga alipelekwa mahakamani, na mwaka 2016 baraza lilimwona hana hatia kwa sheria ya serikali. Sisi hatumhukumu mtu yule. Mungu peke yake aijua mioyo. Lakini watoto wale wawili hawakurudi. Hukumu ya mahakama yaweza kutuambia nani asifungwe gerezani. Haiwezi kutuambia kwamba hatukuwa na la kujifunza.

Karibu na kwetu kuna mfano mwingine, ulio mwema. Huko Bujora, karibu na Mwanza, nchini Tanzania, Padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wamezoea kuwaita Mapadri Weupe, alianzisha katika miaka ya 1950 kituo cha kuhifadhi mambo ya kale ya Wasukuma. Katika sikukuu ya Bulabo, ifanywayo mwezi wa sita pamoja na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, wachezaji huingia uwanjani na chatu mabegani. Mgeni akiwaona adhani ni ujasiri tu. Sivyo. Wasukuma wana chama cha watu wa nyoka, Bayeye, na mwenye kuingia hufundishwa na waliomtangulia tabia za nyoka na dawa zake. Mkono washika kwa sababu sikio lilisikiliza kwanza. Mimi nalianza na mkono.

Mashaka na majibu

Najua baadhi yenu mna la kusema. Nitayajibu mashaka yenu moja moja.

Shaka la kwanza: "Mwalimu, nyoka ni mfano wa shetani. Kwa nini tumwonee huruma?" Najibu: Maandiko Matakatifu husimulia ya kuwa mshawishi alikuja kwa sura ya nyoka, lakini dhambi ni kazi ya mwenye akili na hiari. Mnyama hana hiari ya kutenda dhambi. Musa aliinua nyoka wa shaba jangwani, na Bwana wetu hakuona haya kujilinganisha na ishara ile. Tena aliwaambia wanafunzi wake wajifunze busara kwa nyoka. Na kumbukeni habari ya Noe. Mungu alipoweka upinde mawinguni, hakufanya agano na Noe peke yake, bali na kila chenye uhai kilichotoka katika safina. Basi watoto wangu walipokiona chatu wakalia "Upinde wa mvua!" walisema neno kubwa kuliko walivyojua. Yeye naye yumo katika agano.

Shaka la pili: "Mungu alimpa mwanadamu kuwatawala wanyama. Mwenye mali hufanya apendalo." Najibu: kutawala kwa mfano wa Mungu ni kutunza. Katekisimu yafundisha ya kuwa twaweza kuwatumia wanyama kwa chakula na kwa kazi, lakini kuwatesa bure au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si' ya kuwa mamlaka tuliyopewa si ruhusa ya kuharibu. Msimamizi wa shamba si mwenye shamba. Siku moja ataulizwa hesabu. Hata mataifa wameliona jambo hili: kwa mkataba wa Washington wa mwaka 1973, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, chatu hawezi kuuzwa nchi za nje bila kibali.

Shaka la tatu: "Je, si afadhali kumlisha mtu kuliko kumlisha nyoka?" Hapa, ndugu zangu, sina la kujitetea. Siku mbili panya walikosekana, nikampa chatu kifaranga cha kuku wangu. Mjane mmoja, jirani yangu, alikuwa akipita, akaona. Hakusema neno. Nyumbani mwake, watoto walikuwa hawajaonja nyama mwezi mzima. Katekisimu ileile inayotukataza kuwatesa wanyama yatukataza pia kuwatumia mali ambayo kwanza yapaswa kuondoa taabu ya watu. Mtu hawezi kuitimiza amri moja kwa kuivunja ya pili. Asiyekuwa na uwezo wa kumtunza kiumbe bila kumnyima jirani, asimfunge. Amwache Mungu amlishe porini. Tena chatu akiwa porini hutusaidia bila malipo: hula panya na ndezi wanaokula mpunga wetu.

Shaka la nne: "Basi, nasi twaweza kuwashika nyoka, mradi tujifunze?" Lahaula! Msiichukue habari hii kuwa ruhusa. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria ya kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliyatia majeraha hayo katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Wengi ni watu kama sisi, wenye kulima miguu mitupu. Mtoto hawezi kupambanua upesi chatu mchanga na moma. Na hapa pia kutojua kwa uvivu huua: mtu akiumwa, msimchanje, msimfunge kamba ya kukaza, msitegemee jiwe jeusi. Mtulizeni, mguu usitikisike, mpelekeni kituo cha afya saa ileile, mkimbeba.

Wale walio mkononi mwetu

Sasa nifikie jambo lililoniuma zaidi. Nilipokuwa nikilitazama jicho lile lililoharibika, nalimkumbuka mwanafunzi mmoja wa darasa langu. Mwaka mzima nalimwita mvivu, kwa maana alinakili vibaya yaliyoandikwa ubaoni. Nalimsimamisha mbele ya wenzake mara nyingi. Siku ya pili baada ya mzee kuja, nalimwita, nikamwuliza kwa upole: "Mwanangu, waona nini ubaoni?" Akasema: "Naona weupe, Mwalimu." Nikamhamisha kiti cha mbele kabisa. Juma lile aliandika mistari yote.

Mwaka mzima! Naye alikuwa hatua sita tu kutoka mahali nilipokaa. Kumwuliza kungalinigharimu neno moja. Kama nyoka, ambaye hana roho isiyokufa, anidai kumjua, je, si zaidi mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Katika nchi yetu ya Kasongo na Kabambare vita vimewaacha watoto wengi mikononi mwa mashangazi, na babu, na jirani. Mtu ampokea mtoto wa ndugu yake, amefanya vema. Ampa bugali, ampa mkeka. Lakini mtoto haendi shule, au halali usiku, au hasemi; na mwenye nyumba asema: "Sijui ana nini." Ndugu yangu, umemwuliza? Umemwendea ajuaye? Kumpokea mtu nyumbani ni jambo la siku moja. Kumjua ni kazi ya kila siku, nayo ndiyo upendo wenyewe. Vivyo hivyo mume kwa mke wake, na mke kwa mumewe, na mkubwa kwa wote walio chini yake. Kadiri mtu alivyo mkononi mwako na asivyoweza kujichagulia, ndivyo "sikujua" yako inavyopungukiwa nguvu.

Wala msikate tamaa. Sikuyasema haya ili mwogope kumpokea yeyote. Mungu hamdai mtu kujua yote, amdai kuuliza. Nanyi wakatekumeni mmekwisha kuanza njia hiyo, kwa maana mkatekumeni ni nani, kama si mtu aliyekubali kusema: "Sijui, nifundisheni"?

Mwisho wa habari

Mzee alinifundisha kuweka majani mabichi na gome la mti sandukuni, na beseni la maji, na kuliondoa sanduku jikoni. Siku ya tatu ngozi iliyosalia ikatoka. Nalimwita mtoto aliyemleta, nikamwambia kweli mbele ya wenzake: "Jicho hili nimeliharibu mimi, kwa sababu sikutaka kuuliza." Mtoto akauliza: "Atapona?" Nikamjibu: "Jicho hapana."

Mvua za kwanza zilipoanza, tulikwenda watatu mpaka mtoni, mzee na mtoto na mimi. Mtoto alibeba kikapu kilekile. Mzee akasema chatu huwinda kwa joto na kwa ulimi pia, huenda akaishi. Tukamwachilia penye magugu. Hakugeuka kututazama, wala hapakuwa na sababu ageuke.

Basi, aliyeniuliza swali, hili ndilo jibu langu la pili: Asiyejua hana hatia, ikiwa hakuwa na mlango wa kubisha. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize mambo matatu. Nani yumo mkononi mwangu? Ni jambo gani juu yake ambalo sijui? Na ni mlango wa nani nisiotaka kuubisha?

Mzee yule hajabatizwa bado. Jioni moja moja huja mlangoni pangu kuuliza habari za Mungu. Siku hizi nami huenda mlangoni pake kuuliza.